Shekhar Mehta: Mkimbizi wa Kampala aliyeitawala Safari

UKITAJA mashindano ya magari ya Safari mbele ya mzee yeyote aliyekulia Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, jina la Shekhar Mehta halichelewi kutajwa. Huyu ndiye dereva aliyeshinda mashindano hayo mara tano: mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika miaka yote ambayo Safari imehesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, hakuna aliyemfikia.

Naandika habari zake kutoka Dzaleka, hapa wilayani Dowa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba Mehta alikuwa mmoja wetu. Alizaliwa Uganda, akafukuzwa pamoja na maelfu ya wenzake mwaka 1972, na miezi michache tu baadaye akanyanyua kombe kubwa kuliko yote ya mchezo huo Afrika. Wenye kujiandaa kurudi makwao Burundi, Rwanda au Kongo wana la kujifunza kwake.

Sababu ya pili ni magari. Siku hizi katika mitaa ya Lilongwe si ajabu kukutana na Nissan Fairlady Z, Mazda RX-8 au Subaru Impreza, na mara moja moja hata Porsche, yote yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Vijana wenye akiba na wafanyabiashara wa mpakani huniuliza kama gari la namna hiyo ni mali au ni mzigo. Maisha ya Mehta yanalijibu swali hilo vizuri kuliko mdomo wangu.

Mtoto wa Kampala

Shekhar Mehta alizaliwa Juni 20, 1945 mjini Kampala. Familia yake ilikuwa ya Wahindi wenye mashamba makubwa, watu waliojulikana kwa biashara na uwezo. Hakuwa mtoto wa kuokota spana gereji ili apate chakula, na hilo si la kuficha.

Alipofikisha umri wa miaka 21 alianza kushindana, akiendesha BMW. Wakati huo Safari ilikwisha kuwa sikukuu ya Afrika Mashariki nzima.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Baadaye yalifanyika wakati wa Pasaka, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na uwanja wala uzio. Dereva alikimbia katika barabara zile zile za malori, ng'ombe na watu waendao kanisani, mara vumbi tupu, mara matope ya masika.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kila kituo kilikuwa na saa ya kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi moja ya adhabu. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo gari lililokwenda kasi sana asubuhi na kulala gereji mchana halikuwa na faida.

Mwaka 1963 na mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mengine yote yaliachwa njiani yakiwa na springi zilizokatika, rejeta zilizotoboka na injini zilizonoki.

Mapema watu waligundua kwamba Safari haishindwi kwa bei ya gari. Mwaka 1965 Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho aliyekulia katika ufundi wa magari, aliibuka mshindi pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine. Walishinda kwa sababu walijua kila nati iliyokuwa ndani yake.

Datsun yenye pua ndefu

Mwishoni mwa mwaka 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ilitoa gari la michezo lililoitwa Datsun 240Z, na kwao Japani likaitwa Fairlady Z. Lilikuwa na milango miwili, viti viwili na pua ndefu. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, yenye nguvu za farasi zipatazo 150. Kule Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, bei ambayo magari ya michezo ya Ulaya hayakuweza kuikaribia.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, alishinda Safari kwa gari hilo. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa kijana wa Kampala, Shekhar Mehta, naye akiwa ndani ya 240Z. Kuanzia hapo watu walijua kwamba zamu yake haiko mbali.

Mwaka huo huo wa 1971, mwezi Januari, Idi Amin alikuwa amechukua madaraka nchini Uganda kwa mtutu wa bunduki.

Siku 90

Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na akawapa siku 90. Watu waliozaliwa Uganda, waliosoma Uganda na waliozika wazazi wao Uganda waliambiwa kwamba si kwao. Waliruhusiwa kutoka na fedha kidogo mno. Maduka, viwanda, mashamba, nyumba na magari vilibaki.

Msomaji wa Dzaleka hahitaji kuelezwa zaidi. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kiasi cha kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, na leo ina watu zaidi ya 50,000. Karibu kila nyumba hapa ina mtu anayeweza kusimulia jinsi alivyofunga mlango wa kwao na kuondoka na alichoweza kubeba.

Familia ya Mehta ilihamia Kenya. Ni kweli kwamba mtu mwenye jina na jamaa hatui kama asiyekuwa na kitu. Lakini mashamba hayabebwi mgongoni, na uraia haununuliwi dukani. Alichobeba Shekhar ambacho hakuna askari wa mpakani aliyeweza kukipekua ni ujuzi wa kuendesha gari lililochoka bila kuliua.

Pasaka ya 1973

Mwaka 1973 ulikuwa wa kwanza kwa Safari kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rali. Mehta alijitokeza na Datsun 240Z, akiwa na Lofty Drews kama msoma ramani wake.

Mashindano yalipomalizika, Mehta na Msweden Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine aina ya saluni, walikutwa na pointi za adhabu sawasawa. Kilomita maelfu ya matope na vumbi, na hapakuwa na dakika moja ya kuwatenganisha.

Ikabidi kanuni iamue. Ushindi ulikwenda kwa yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata pointi hata moja ya adhabu. Huyo alikuwa Mehta.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Hakushinda kwa kumpita mwenzake mwishoni. Alishinda kwa sababu gari lake lilichelewa kuanza kupata matatizo. Ndiyo maana nasema kwamba ushindi wake wa kwanza ulikuwa wa matunzo ya gari kama ulivyokuwa wa usukani.

Ubovu wa gari zuri

240Z ilikuwa gari imara kwa kipimo cha magari ya michezo, lakini ilikuwa na maradhi yake, na mafundi wanaolijua wanayataja hadi leo.

Kwanza ni kutu. Bati lake lilikuwa jembamba, na maji yalijificha chini ya sakafu, kwenye vizingiti vya milango na chini ya betri. Gari linang'aa juu, ukiinua zulia unaona barabara.

Pili ni kabureta. Zilikuwa mbili, na lazima zipumue sawa. Moja ikizidi mwenzake, injini inatetemeka na kula mafuta. Katika joto kali, petroli huchemka ndani ya mipira na gari hukataa kuwaka hadi lipoe.

Tatu ni kichwa cha injini. Hedi ilikuwa ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Ikichemsha mara moja tu kwa uzembe wa maji, hedi inapinda, gasketi inaungua, na maji yanaingia kwenye oili. Maji matupu ya kisima yasiyo na dawa ya rejeta huila aluminiamu hiyo polepole kutoka ndani.

Nne ni upande wa nyuma. Kila tairi la nyuma lilijitegemea, likizungushwa na shafti yake yenye jointi za msalaba. Kwenye mashimo, jointi hizo na bushi za difu hulegea, ukaanza kusikia mgongano kila unapokanyaga klachi.

Timu ya Mehta ilijua yote hayo. Magari ya Safari yaliinuliwa, yakawekewa springi na shoku nzito, ngao ya chini na taa za ziada, na njiani walisubiri mafundi wenye spea. Nairobi kulikuwa na D.T. Dobie, wakala wa Datsun, kwa hiyo kipande kilichohitajika kilikuwa jirani. Hapo ndipo siri ilipo. Mehta aliendesha gari la michezo ambalo ghala lake la spea lilikuwa mjini anamoishi.

Magari ya fahari yaliyoshindwa

Baada ya 1973, viwanda vikubwa vya Ulaya vilikuja Kenya na magari ya kutisha. Mengi yalirudi na somo.

Mwaka 1974 Porsche 911 ya Björn Waldegård ilimaliza ya pili, nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh. Mwaka 1978 Porsche ilirudi na kupata tena nafasi ya pili, safari hii ikiendeshwa na Vic Preston mdogo. Haikuwahi kushinda katika Safari ya ubingwa wa dunia.

Lancia ya Italia ilileta Stratos, gari lililotengenezwa kwa ajili ya rali, lenye injini ya Ferrari ya silinda sita nyuma ya mgongo wa dereva. Gari hilo lilitwaa ubingwa wa dunia wa viwanda mwaka 1974, 1975 na 1976. Safari ya mwaka 1975 lilishika nafasi ya pili na ya tatu, na mshindi akawa Ove Andersson katika Peugeot 504, gari ambalo Waafrika wengi walilijua kama la abiria na mizigo.

Mwaka 1979 Mercedes ilileta 450 SLC yenye injini ya V8 ya lita tano. Hannu Mikkola aliifikisha nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Shekhar Mehta.

Sasa sikiliza jambo ambalo wapenzi wa magari ya fahari hulisahau. Mwaka huo Mehta hakuwa tena ndani ya 240Z. Alikuwa ndani ya Datsun 160J, iliyotokana na Violet, gari la kawaida la familia lenye silinda nne na ekseli ngumu nyuma. Akiwa na msoma ramani Mike Doughty, alishinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1979 na 1980, kisha mwaka 1981 na 1982 kwa toleo lililoitwa Violet GT.

Mwaka 1980 na 1981 aliyemfuata alikuwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Finland. Mwaka 1982 alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani katika Opel Ascona 400, na ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huo.

Kwa hiyo katika ushindi wake mara tano, gari la michezo lilimpa mmoja. Gari la baba wa familia, lililoandaliwa vizuri, lilimpa minne.

Gharama ni zile zile

Nimesema mengi ya zamani, sasa tushuke Lilongwe ya leo.

Gari la fahari lililotumika lina mtego mmoja mkubwa. Bei ya kulinunua hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki. Gari likishafika moja ya kumi ya bei yake ya dukani, klachi yake, diski zake na kompyuta yake bado vinauzwa kwa bei ya gari jipya. Anayelinunua ananunua umasikini wa mtu wa kwanza aliyeogopa kulitengeneza.

Kwetu Malawi mtego huo una meno zaidi kwa sababu spea hulipiwa kwa dola, randi au yeni. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, kisha asilimia 44 Novemba 2023. Mshahara au faida ya duka haikupanda hivyo. Shoku ile ile iliyokuwa ya kununulika ikawa ya kufikiria.

Chukua Fairlady Z ya kuanzia mwaka 2002, mjukuu wa gari la Mehta. Injini yake ya V6 ya lita 3.5 inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na hilo ni jema. Lakini matairi ya mbele na ya nyuma mara nyingi si ya saizi moja, kwa hiyo huwezi kuyabadilishana yasile upande mmoja, na ukipasua moja barabarani huazimi la Corolla ya jirani. Baadhi ya injini zake za mwaka 2005 na 2006 zinajulikana kwa kula oili. Asiyepima oili kila juma hununua injini nyingine.

Mazda RX-8 imewaponza wengi kwa karatasi. Kwenye hati imeandikwa ujazo wa lita 1.3, na mnunuzi anadhani amepata gari lisilokula mafuta. Ukweli ni kwamba injini yake haina pistoni za kawaida. Inazunguka kwa rota, inakula petroli kama gari kubwa, na imeundwa ichome oili kidogo kidogo muda wote. Vipande vya kuziba pembeni mwa rota vikichoka, kompresheni inaisha na gari linagoma kuwaka likiwa la moto. Mafundi wenye kuijua injini hiyo si wengi, na mwenye gari atawatafuta.

Subaru Impreza ya tabo ina mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na hedi zote mbili zinafunguliwa. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini, na kama hana jibu, hesabu gharama ya kuubadilisha siku ile ile ya kununua.

Porsche 911 na Boxster nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi kiasi cha 2005 zina beringi moja ndogo ndani kabisa ya injini. Beringi hiyo ikivunjika, injini nzima imekwisha. Na wanaoota Ferrari wajue kwamba kwa aina kama F355, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1994 hadi 1999, kubadilisha mikanda ya injini maana yake ni kushusha injini yote kutoka kwenye gari. Hiyo ni huduma ya kawaida ya kila baada ya miaka michache, hata kama gari halijaharibika.

Zaidi ya hayo, magari haya yako chini. Njia ya kutoka M1 kuingia Dzaleka, au mtaa wowote wa vumbi wakati wa mvua, hukwangua sampu ya oili. Ikitoboka bila dereva kuona taa ya oili, hadithi inaishia hapo.

Kipimo changu

Wanaoniuliza huwa nawapa kipimo kimoja. Kabla ya kutoa fedha, tafuta bei ya vitu vitano vya gari hilo: klachi kamili, shoku nne, diski na pedi za breki, matairi manne, na rejeta. Jumlisha pamoja na usafirishaji. Ikiwa jumla inazidi theluthi ya bei ya gari, liache.

Baada ya hapo tafuta fundi wawili, si mmoja, ambao wamekwisha kufungua injini ya aina hiyo. Ukimpata mmoja tu, siku akisafiri gari lako nalo limesafiri.

Halafu uliza spea zinatoka wapi. Zikiwa zinapatikana Lilongwe, Mzuzu, Mbeya au Lusaka, unaweza kulala. Zikiwa zinaagizwa Ulaya kwa ndege, wewe si mwenye gari, gari ndilo lenye wewe.

Mpimaji mzuri hulitazama gari likiwa baridi, asubuhi. Anafungua kifuniko cha rejeta aone kama maji yana mafuta. Anachomoa kijiti cha oili aone kama imekuwa nyeupe kama maziwa. Anainua zulia kutafuta kutu na tope la mafuriko. Ndipo anawasha.

Kwa wanaovuka mpaka

Kuna jambo linalowahusu zaidi wenzangu wanaorudi. Malawi, Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha kushoto, na usukani uko kulia. Burundi, Rwanda na Kongo zinaendesha kulia. Gari la michezo ni fupi na dereva anakaa chini, kwa hiyo kulipita lori ukiwa upande usiofaa ni kuchungulia kaburi. Ulizia pia sheria ya nchi unayokwenda kabla ya kununua, kwa sababu si kila nchi itakubali kusajili usukani wa kulia.

Umri nao ni kikwazo. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania hutoza zaidi gari likizeeka. Mfanyabiashara anayenunua gari la fahari Lilongwe akitarajia kuliuza ng'ambo ya Songwe anaweza kukuta ushuru umekula faida yote, nalo halina mnunuzi.

Mtu aliyekaa kambini miaka kumi na kuweka akiba kidogo kidogo ana mtaji mmoja tu wa kuanzia maisha. Hiace, pikipiki ya mizigo au mashine ya kusaga humrudishia fedha yake. Gari la milango miwili humrudishia macho ya watu, na macho hayalipi karo.

Sisemi mtu asipende gari zuri. Mehta alilipenda. Lakini alilipenda akiwa na fundi, ghala na timu, na alipoona gari la kawaida linafika mwisho, hakuona aibu kulihamia.

Mwisho wa safari

Mehta aliendelea kushindana katika nchi nyingi, mara kadhaa mkewe Yvonne akiwa ndiye msoma ramani. Mwaka 1981 alimaliza wa tano katika msimamo wa madereva wa dunia, jambo la heshima kwa dereva kutoka Afrika.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika Rali ya Mafarao nchini Misri. Majeraha yake yalimaliza kazi yake ya udereva. Wengi wangekaa nyumbani na kuhesabu vikombe. Yeye aliingia katika uongozi, akafika hadi kuongoza tume ya rali ndani ya shirikisho la magari la dunia, FIA. Kijana aliyefukuzwa na serikali ya nchi yake akawa miongoni mwa waliokaa mezani kupanga mchezo huo kwa ajili ya dunia nzima.

Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ilirudi mwaka 2021, lakini Mehta hakuiona siku hiyo. Alifariki dunia London Aprili 12, 2006 akiwa na umri wa miaka 60.

Jina la Datsun alilolipa sifa nalo lilikwisha kuondolewa katika miaka ya 1980, likachukuliwa na Nissan. Magari ya 240Z yaliyosalia leo yanagombewa na matajiri, na wengi wao wanalipa zaidi kuziba kutu kuliko alivyolipa mnunuzi wa kwanza.

Uganda ilimwondoa, Kenya ikampokea, na majina ya nchi zote mbili yanatajwa kila habari zake zinaposimuliwa. Hakurudishiwa utoto wake wa Kampala. Alichokifanya ni kukataa kupata pointi ya adhabu mapema, na kuendelea kwenda wakati wengine wamefungua boneti kando ya barabara.

Anayerudi kwao mwaka huu, na anayepanga mzigo wa kwenda Kasumulu juma lijalo, achague gari la kumfikisha.